Kinu cha Nyuklia Alichokijenga Mama Huko Sib

Mama yangu alijua kwamba mimi ni mhandisi wa maji, na kwa miaka yote aliamini maana yake ni mabomba. Wageni wakija nyumbani kwetu Sib, kando ya Maskati, na bomba la jikoni likawa linavuja, aliona haya mbele yao. "Msomi wa maji tunaye humu ndani," alikuwa akiwaambia, "na ndoo ndiyo ile pale chini ya sinki." Nikimweleza kuwa kazi yangu ni kukadiria mvua kubwa ikinyesha maji ya wadi, yale mabonde yetu makavu, yatafika wapi, alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa na bomba?"

Basi fikiria siku aliponisikia kwenye simu nikitaja kinu cha nyuklia.

Ofisi yetu iko mtaa wa Ghala, juu ya gereji ya kupaka magari rangi, na ukikaa karibu na dirisha unarudi nyumbani na harufu ya gari jipya. Ni kampuni ndogo. Mudiri wetu, yaani meneja, ni mtu wa mji wa Nizwa, mpole, ambaye hakuna jambo analolijibu kabla ya kuzungusha tasbihi yake mara mbili. Meza yangu naichangia na mhandisi mwenzangu, mwanamke wa Kenya kutoka Budalang'i, ambako mto Nzoia hufurika na kuwatoa watu majumbani. Mimi ni wa jamii ya Waomani waliotoka Unguja. Tulipojuana tulifurahi kwamba tuna lugha moja, mpaka tulipoanza kuitumia. Siku ya kwanza aliniambia, "Nisaidie na kalamu." Nikamwuliza nimsaidie vipi, kwani ina uzito gani? Kwao maana yake ni nipe. Ilituchukua muda kuelewana, na mpaka leo kuna mambo tunayoelewana kwa Kiingereza.

Kazi yenyewe ilitoka kwa kampuni ya nje. Kinu cha umeme wa nyuklia kilikuwa kijengwe kando ya mto mkubwa, katika nchi ambayo tulikatazwa kuitaja nje ya ofisi. Atomu hazikutuhusu hata kidogo. Walichotaka kwetu ni maji tu. Mahali palipochaguliwa ni tambarare, pale ambapo mto ukijaa hutanuka na kulala kwa siku kadhaa kabla ya kurudi mahali pake. Kinu hakitakiwi kulowa hata unyayo, kwa hiyo walipanga kumwaga udongo na kuinua kiwanja kirefu, halafu wajenge juu yake. Lakini ukijaza udongo mahali ambapo maji yamezoea kulala, maji hayo lazima yatafute kitanda kingine. Yatakwenda kulala kwa nani, na yatakuwa na kina gani? Hilo ndilo swali tulilolipwa kulijibu.

Sisi watu wa Maskati hatukuzoea mto wa namna ile. Wadi yetu ni changarawe mwaka mzima. Mbuzi wanalala humo, watu wanaegesha magari humo, vijana wanacheza mpira humo, mpaka siku moja maji yashuke. Mwenzangu yeye alipoifungua ramani kwenye kompyuta alitabasamu kama aliyeona picha ya mtu wa kwao. "Huu sasa ni mto," alisema. "Si hizi barabara zenu za mawe."

Ijumaa moja nilikuwa nyumbani, nikazungumza naye kwa simu juu ya matokeo ya kwanza. Sikujua kuwa mama amesimama nyuma yangu na kapu la nguo.

"La," nilikuwa nikisema, "kinu cha nyuklia kitakuwa kikavu kabisa. Watakaozama ni majirani."

Kapu lilitua chini.

"Majirani gani?" aliuliza mama.

"Ni mambo ya kazi, mama."

"Hicho kinu kiko wapi?"

"Siwezi kusema."

"Huwezi kusema, au hujui?"

"Najua. Nimekatazwa."

Hapo ndipo nilipoharibu. Mama alirudi chumbani kwake akafikiri, na kusema kweli hesabu yake haikuwa mbaya. Kama kinu kiko nchi ya mbali, siri ya nini? Nani wa Sib atakayekwenda kuwaambia watu wa nchi ya mbali? Jambo linalofichwa watu wa Sib lazima liwe liko Sib.

Kesho yake adhuhuri alinipigia simu khalati yangu, dada yake mkubwa mama, anayekaa Darsait. Hata salamu hakutoa.

"Mwanangu, mie nna presha, kwa hivyo nambie kweli tu. Kinakaa upande wa pwani au upande wa wadi?"

"Nini, khalati?"

"Hicho chungu cha atomu."

Nikamwambia hakuna chungu. Akaniambia hata wakati ule wa kimbunga, serikali ilisema tulieni, na jioni yake friji lake likaonekana linapita barabarani. Nikamwambia hili si la serikali. Akasema, "Basi ndo mbaya zaidi."

Pengine maneno yangeishia hapo, lakini wiki ile ile mtaani kwetu walikuja vijana wa Kibengali wenye vizibao vya manjano, wakasimamisha kile chombo cha miguu mitatu cha kupimia ardhi. Walikuwa wakipima kwa ajili ya mabomba mapya ya maji machafu. Jirani yetu, mwanamke mwema ambaye hamwachi mtu juani bila ya kumpa maji, aliwapelekea chupa za maji baridi akawauliza wanafanya nini. Mmoja wao akamjibu kwa Kiarabu chake kidogo, "Mashruu kabir, mama. Mashruu kabir." Mradi mkubwa. Kwa furaha kabisa, masikini, akidhani anampa habari njema.

Jioni yake jirani aliwasimamisha mafundi waliokuwa wakimjengea ghorofa ya pili. Ilipofika Jumatatu, nikitoka asubuhi kwenda kazini, wanawake wa mtaa waliniangalia kama naondoka na mkoba uliojaa mionzi. Bibi mmoja alinishika mkono akanisomea dua.

Lakini si wote walioogopa. Alikuja mama wa kijana aliyesomea umeme akakaa muda mrefu bila kazi, akaniomba kwa sauti ya chini nimkumbuke mwanawe kinu kikifunguliwa. Akafuata mwengine, mwanawe ni dereva wa gari za mizigo. Nilipomlalamikia mama, nikakuta yeye ndiye anayepokea maombi. Alikuwa amekwishaahidi nafasi ya mlinzi.

"Si unakiogopa hicho kinu?" nikamwuliza.

"Nakiogopa sana. Lakini kama kinajengwa, basi wafanye kazi watoto wetu."

Nilikwenda kwa mudiri nikamwomba ruhusa ya kusema angalau jambo moja, kwamba kinu hakiko Oman. Tasbihi ilizunguka mara mbili, kisha ikazunguka tena.

"Sema hakiko Oman," alisema. "Lakini usiseme hakiko wapi kwengine. Ukianza kuzitoa nchi moja moja, itabaki moja."

Nikarudi nyumbani na ruhusa yangu.

"Mama, kinu hakiko Oman."

"Nani kasema?"

"Mudiri mwenyewe."

"Na yeye anakaa wapi?"

"Hapahapa Maskati. Wikendi ndo hurudi kwao Nizwa."

"Unaona!" mama akapiga kofi. "Kila wikendi anakimbia."

Mwishowe mama mwenyewe ndiye aliyepata dawa. Jumamosi baada ya Alasiri atawaita wanawake kwa kahawa, nami nitawaeleza wote kwa pamoja, wamalize maswali yao. Niliposimulia habari hiyo ofisini, mwenzangu alisema atakuja. Nilifikiri anakuja kunisaidia. "Mandazi itakuwa?" aliuliza.

Siku ilipofika walikuja wengi kuliko vikombe. Khalati alikaa katikati ya zulia la mama, zulia jekundu la Kiajemi ambalo sisi watoto tulikuwa hatulikanyagi mpaka tumeshaonyesha nyayo. Jirani mwenye ghorofa alikaa kando yake, ameshika sahani ya halwa. Mwenzangu akaingia, akavua viatu, akasema kwa sauti ya furaha, "Hamjambo wamama!"

Watoto wa kwetu huanza kwa shikamoo.

"Hatujambo, mwanetu," alijibu khalati. "Umelelewa wapi?"

"Budalang'i."

"Ndo Mombasa hiyo?"

"Hapana, ni mbali sana na bahari. Karibu na Uganda."

"Masikini," alisema khalati kwa huruma, akamsogezea mto wa kukalia.

Nikaanza maelezo yangu. Nilikuwa nimejitayarisha vizuri, na ndiyo maana hayakueleweka. Nilisema juu ya uwanda wa mafuriko, na mvua za nadra, na ujazo wa maji. Bibi mmoja akasinzia. Jirani akanyoosha kidole, akauliza maji yakiingia ndani ya atomu, yatachemka? Nikamjibu kuwa kiwanja kitainuliwa ili yasiingie. Akauliza, ikiwa hayaingii, basi tunaogopa nini? Nikaanza tena kutoka mwanzo, na nikaona hata mama, ambaye ni mama yangu, anaangalia saa.

Mwenzangu akasimama akaenda jikoni. Tukamsikia akisema, "Mama, nisaidie na huo unga."

Mama akainuka mbio kwenda kumsaidia kukanda. Ilibidi niwafuate nikatafsiri.

Alichokuwa akikitaka ni donge zima la unga wa maandazi, lililokwisha kuumuka, pamoja na sinia kubwa la kupakulia pilau. Alilitandaza donge lile juu ya sinia mbele ya wanawake wote. Kwa kidole akachora mfereji uliopinda kutoka ukingo mmoja hadi mwengine, akalisawazisha bapa la huku na la huku, na pembeni akaacha sehemu iliyoinuka kama kilima. "Huu ni mto," alisema. "Hapa kando ndio mto hulala ikifura." Ng'ambo moja akapanga tende, kila tende nyumba. Mama aliyatia maji ya birika rangi ya biriani ili yaonekane vizuri.

Kwanza alimimina bila ya kuweka kinu. Maji ya manjano yakajaa mfereji, yakafurika taratibu pande zote mbili, yakazilowesha tende unyayo tu. Wanawake wakasogea. Yule aliyesinzia akavaa miwani.

Kisha akayakausha kwa kitambaa, akafinyanga jukwaa la unga upande wa pili, karibu kabisa na mto, na juu yake akafudikiza kikombe cha kahawa. "Hii sasa ndio kinu." Akamimina tena, maji yale yale. Kikombe kikabaki kikavu kama kilivyokuwa. Maji yakakosa pa kulala upande ule, yakavuka, na tende zikaanza kuzama moja baada ya moja.

"Na hao wamekosa nini?" aliuliza khalati.

"Hawajakosa kitu," nikasema. "Ndiyo kazi yangu hiyo, khalati. Kuwaambia wenye kikombe kwamba hawa wapo."

"Si wahame," alisema jirani.

Khalati alimgeukia polepole. "Wahame waende wapi? Kwa nini kisihame kikombe?"

"Kikombe ni cha mabilioni, bibi we."

"Na tende zina watoto!"

Wanawake wakagawanyika papo hapo. Waliokaa upande wa tende walizitetea tende, waliokaa upande wa kikombe wakasema umeme unahitajika, viyoyozi havitembei kwa dua. Mwenzangu alijaribu kueleza kwamba hapa amemimina maji kidogo tu, na khalati akamkatiza.

"Hayo unayoyamimina wewe ni chai," alisema. "Mie nimeyaona maji. Hayaji hivyo."

"Najua, mama. Hata kwetu maji ikikuja haipigi hodi."

"Basi lete hapa."

Akampokonya birika, akafunua kifuniko, akamwaga lote kwa mkupuo.

Tende ziliondoka zote. Jukwaa likakatika, kikombe kikaelea, kikapita juu ya ukingo wa sinia pamoja na wimbi la manjano na kikamwangukia jirani mapajani.

"Atomu imenipata!" alipiga kelele jirani, akaruka, na halwa ikaenda upande wake na sahani upande wake. Mama hakupiga kelele. Alitamka jina la Mwenyezi Mungu mara moja tu, akiangalia zulia lake likinywa rangi ya biriani.

Tuliinua zulia watu sita, tukalitoa uani, tukalimwagia maji safi, na huko uani ndiko kicheko kilikoanza. Sijui nani alianza. Nilimwona khalati amejishikilia ukutani, machozi yanamtoka, anajaribu kuomba radhi na hawezi. Jirani naye, kanga imeloa, alicheka mpaka akakaa chini. Mwisho hata mama akaangua, lakini kwanza alihakikisha doa linatoka.

Tuliporudi ndani mwenzangu akamalizia somo. Alilifinyanga upya jukwaa, akachimba shimo pana upande wa kinu, mbali kidogo nalo, ili maji yapate mahali papya pa kulala. Barabara ya kwendea kinuni, ambayo ingekuwa kama ukuta wa kuyazuia maji, akaiinua juu ya vijiti vya meno. Khalati alitikisa kichwa. Akakichukua kikombe akakiweka pale kwenye kilima.

"Mbona huku juu pako wazi?"

Mimi na mwenzangu tukaangaliana. Jambo hilo lilikuwa kwenye rasimu yetu tangu mwanzo, na mteja ndiye aliyekuwa hataki kulisikia. Huko juu ni mbali na mto, na kinu kinahitaji maji mengi ya kupoza. "Tumewaambia, khalati," nikasema. "Wanasema kuyapandisha maji ni gharama."

"Waambieni tena."

Unga ule mama hakuutupa. Sehemu iliyolowa aliiondoa, na iliyobaki akaikanda upya na kuikaanga. Khalati aliuliza kila andazi limetoka sehemu gani ya nchi, akachagua la kilimani.

Tangu siku ile mtaa ukaamini kwamba kinu hakiko Sib, maana Sib hakuna mto wa namna ile. Jirani aliwarudisha mafundi wake, na ghorofa ikaendelea. Mama wa yule kijana wa umeme alisikitika kidogo, kisha akaniuliza kama hiyo nchi nyengine huwa inaajiri wageni. Na mimi nikawa ninaitwa huku na huku kutazama ua wa fulani umeinamia wapi na maji ya mvua yatamwingilia nani. Siku moja waliniita wapatanishi wa ugomvi wa majirani wawili juu ya maji ya kiyoyozi yaliyokuwa yakidondokea upande wa pili. Nilitoa uamuzi, na walioshindwa waliniletea samaki.

Mkutano na mteja ulifanyika baadaye, kwa skrini, ofisini Ghala, huku chini yetu gereji ikipiga mlango wa gari nyundo. Bwana aliyezungumza kwa niaba yao alikuwa na adabu sana. Alisema amesoma rasimu yetu, na anaona kwamba ng'ambo ya mto maji yataongezeka upana wa kiganja tu. Hakuona kwa nini kiganja kisimamishe mradi.

Mwenzangu, ambaye katika mikutano huwa hasemi ovyo, alisogeza kiti.

"Kiganja juu ya kitu gani?" aliuliza.

Yule bwana hakulifahamu swali.

Mwenzangu akamweleza bila kupandisha sauti. Alisema alipokuwa mtoto kwao, kiganja ndicho kilichokuwa tofauti kati ya maji kuwa mlangoni na maji kuwa ndani ya godoro. Mwaka mmoja kiganja kile kiliipeleka familia yao nzima kulala juu ya tuta la mto, pamoja na kuku, na mahindi yote ya msimu yakaozea shambani. "Hiyo si namba ndogo," alisema. "Inategemea unalala wapi."

Nilikuwa nimekaa naye meza moja muda wote ule na sikuwahi kuisikia habari hiyo. Hata gereji ilinyamaza, ingawa nadhani walikwenda kula. Mudiri alizungusha tasbihi mara moja tu, jambo ambalo sijaliona kabla wala baada, akasema kwamba ofisi yetu haitatia sahihi ripoti inayoita kiganja kile kuwa si kitu.

Walinung'unika, wakaenda kushauriana, wakarudi. Kinu hakikupanda kilimani. Kilirudi nyuma kidogo kutoka mtoni, barabara ikapangwa kuwa daraja refu lenye nafasi pana za kupitisha maji, na shimo la kulaza maji likaingia kwenye michoro. Tulipima upya, na ng'ambo ya mto maji yakashuka mpaka karibu na yale waliyoyazoea watu wa kule. Mwenzangu aliitazama hesabu ile ya mwisho kwa muda mrefu, akasema, "Ni sawa. Si nzuri, lakini ni sawa." Kisha tukashuka chini kunywa chai ya maziwa pamoja na mafundi rangi.

Jioni nilimwambia mama kuwa watu wa ng'ambo hawatazama. Alikuwa akishona kifungo cha kanzu ya kaka yangu. Aliweka sindano chini.

"Ni watu gani wale?" aliuliza. "Wanalima nini?"

Nikamwambia hilo nalo siruhusiwi.

Hakugomba. Alimpigia khalati akampa habari, na nikasikia khalati akishukuru huko Darsait utadhani ni jamaa zake walionusurika. Usiku ule, baada ya kuswali Isha, mama aliinua mikono kama kawaida yake. Akawaombea marehemu wetu wa Unguja, akawaombea watoto, akamwombea jirani amalize ghorofa yake salama. Halafu akatua kidogo, akawaombea na wale wa ng'ambo ya mto, popote walipo. Bado anawaombea mpaka leo, baina ya wagonjwa na wasafiri.